Mafiga Chini ya Jemadari

Mji wa Tumbaraya umelala katikati ya uwanda mweusi wa mfinyanzi, kama sahani iliyosahauliwa mkekani na watu waliokwisha kula wakaondoka. Mvua ikinyesha, udongo wake humshika mpita njia miguu na kumvua viatu. Jua likiwaka, udongo uleule hupasuka nyufa za kutosha kumeza kuku na vifaranga vyake. Matete yapo, ng'ombe wapo, mtama upo mwaka ukiwa na huruma. Kitu kimoja tu hakipo Tumbaraya, nacho ni jiwe. Unaweza kuchimba kisima mpaka sauti yako isisikike juu, na usikutane na kokoto hata moja ya kumrushia kunguru.

Kwa hiyo jiwe huko lilitoka mbali na liliheshimiwa. Binti akiposwa, mama yake alifunga safari ya siku mbili mpaka vilima vya Usagaze, akashuka mtoni, akachagua mafiga matatu yanayolingana, akiyapima kwa kiganja na kwa jicho, akarudi nayo kwa punda au, kama punda hakuna, kwa kichwa chake na vichwa vya dada zake. Arusi haikuwa arusi mpaka mafiga yale yametua uani kwa bwana arusi na chungu cha kwanza kimekaa juu yake bila kuyumba. Mwanamke wa Tumbaraya alilijua figa lake kama anavyolijua sikio la mwanawe. Ungeweza kumfumba macho ukamtembeza nyua kumi, mkono wake ukafika kwenye figa lake na kusema, hili hapa.

Mji huo ulitawaliwa na Washika Funguo. Inasemekana hapo zamani kila mmoja wao alishika ufunguo mmoja wa kitu kimoja, huyu ghala, huyu lango, huyu kisima, na watu walilala salama. Lakini ufunguo ukikaa kiunoni kwa mtu muda mrefu huanza kuzaa. Funguo zikaongezeka zikazidi milango, ikabidi milango ijengwe mahali palipokuwa wazi ili funguo zisikae bure: ukawekwa mlango kwenye njia ya kuteremkia majini, ukawekwa mwingine kwenye kivuli cha soko, na mwaka mmoja walikaa kikao cha siku tisa kujadili namna ya kuuwekea mlango upepo wa asubuhi. Mshika Funguo alisikika kabla hajaonekana, kwa mlio wa kiuno chake, na watu walijifunza kunyamaza kabla hajafika.

Mbele ya Nyumba ya Funguo, katikati ya uwanja, alisimama Jemadari wa Shaba. Kifua chake kilikuwa kipana kama mlango wa zizi, mguu wake mmoja ulikanyaga ngao ya adui, na mkono wake wa kulia ulinyoosha kidole upande wa machweo, kuelekea nchi ya Kimbwera, ng'ambo ya Bonde la Matete. Miaka thelathini na moja kabla ya siku hizi tunazozisimulia, Tumbaraya na Kimbwera zilipigania bonde hilo, ambalo hakuna aliyewahi kulilima wala kulijenga, kwani hata vyura humo hutembea kwa tahadhari. Jemadari alisimamishwa mwezi wa pili wa vita, ili ushindi ukija usikose mahali pa kukaa.

Shaba ilipatikana kwa kuyeyusha sinia na mikufu. Lakini shaba haisimami hewani, na mji hauna mawe. Ndipo ikapigwa ngoma sokoni, ikatangazwa kwamba kila nyumba iliyotoa mtu wa kwenda Bondeni itoe na figa moja, kitako cha Jemadari kijengwe. Wanawake waliguna. Mpiga ngoma akaongeza maneno aliyopewa, na maneno hayo ndiyo yaliyowatuliza: figa limeazimwa tu, na figa litarudi na mtu wake. Askari akirejea ataling'oa kwa mkono wake mwenyewe na kumpelekea mama yake au mkewe. Basi wakatoa.

Habari za ushindi zilifika. Watu hawakufika. Kibao kilichogongomelewa chini ya miguu ya Jemadari kikasema mashujaa waliolala Bondeni ni kumi na wawili, na hao wengine, mamia kwa mamia, Nyumba ya Funguo ilisema wako njiani. Kila aliyeuliza alijibiwa hivyo, kwa sauti ya upole, mwaka wa kwanza na wa kumi na wa ishirini: wako njiani, mama, nenda kapike.

Kati ya hao waliokwenda kupika alikuwamo Bi Nyamizola. Mwanawe wa pekee, Tengule, aliondoka ana miaka kumi na tisa, na kipande cha muhogo wa kuchoma mfukoni alichosema atakimalizia mbele. Siku ya figa, mama yake alilitoa lile lililokaa upande wa mlangoni, jeusi kwa masizi, lenye kishimo kama cha shavu la mtu anayecheka, na mahali pake akaweka tofali. Tofali si jiwe. Moto hulitafuna, na kila baada ya miezi miwili hulibomoa, na hata likiwa jipya haliwezi kulingana na wenzake. Kwa hiyo chungu cha Bi Nyamizola kiliinama miaka thelathini na moja. Ugali wake ulikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, maharage yalikimbilia ukingo wa mlangoni kama yanachungulia nani anakuja. Jirani walimwambia atume mtu Usagaze aletewe figa jingine, si ghali hivyo. Alijibu kila mara kwamba figa lake lipo, limeazimwa, na mtu haazimishi kitu akanunua kingine kana kwamba cha kwanza kimepotea.

Kila Alhamisi alasiri wanawake wale walikwenda uwanjani na vibuyu vya maji kuosha mafiga yao. Hakuna aliyewaamuru. Nyumba ya Funguo ilikuwa na desturi ya kukipaka chokaa kitako cha Jemadari, ili masizi ya majikoni yasimwaibishe, nao waliona vibaya kijana arudi akute figa la kwao limepakwa kama kaburi. Wakasugua chokaa mpaka masizi yakatokea, Alhamisi baada ya Alhamisi. Bi Chiku, jirani yake Bi Nyamizola, ambaye ulimi wake haukupata kulala, alikuwa akisema kwamba katika dunia nzima hakuna mwanamume mwingine aliyeoshewa miguu na wanawake mia tatu asiseme hata ahsante.

Bi Nyamizola aliosha mawili. La pili, lenye mshipa mweupe uliolizunguka kama uzi, lilikuwa la marehemu Bi Mwanakweli, waliyepakana naye ua. Bi Mwanakweli alimtoa mwanawe mkubwa, Mazoya, kwenda Bondeni, akabaki na mdogo wa miaka sita, na mama alipofariki, huyo mdogo hakuwa na muda wa kuosha jiwe, kwa kuwa alikuwa anapanda ngazi. Alipanda vizuri. Jina lake ni Sefudari, naye sasa ndiye aliyekuwa Mshika Funguo Mkuu wa Tumbaraya, mwenye funguo nyingi kiasi kwamba alitembea ameegemea upande mmoja.

Ikawa mwaka ule Kimbwera imegundua magadi upande wake wa Bonde, magadi meupe ya kung'aa, na Washika Funguo wakaona mbali sana mlango ambao hawana ufunguo wake. Wakawaalika watu wa Kimbwera waje tufanye biashara, sisi ni ndugu tangu zamani. Jibu lilikuja la adabu: tutakuja, ila kuna mzee wenu wa shaba amekanyaga ngao yetu na anatunyooshea kidole.

Kikao kilichofuata kilidumu miezi minne. Wa kwanza alisema kidole kikatwe, akapingwa kwamba jemadari bila kidole anafanana na mtu aliyeiba. Wa pili alisema ageuzwe, awape wageni mgongo. Wakatoka nje kupima, wakaona kwamba akigeuzwa kidole kitaelekea moja kwa moja kwenye baraza ya Nyumba ya Funguo, wakarudi ndani upesi. Wazee wa kikao wakaapa kwamba Jemadari hawezi kuvunjwa, kwani mikufu ya mama zao imo tumboni mwake. Mwishowe Sefudari akaamua: ahamishiwe Kisiki, nusu siku kwa miguu, nyuma ya machinjio ya zamani, asimamishwe huko vilevile kwenye kitako chake kilekile. Wazee wakakubali kwa sharti moja, kwamba siku wageni wanafika awe amesimama huko, si amelala. La sivyo hawatatia ufunguo wao kwenye mapatano, na mapatano ya Tumbaraya hayafungiki mpaka funguo zote zizungushwe.

Bi Nyamizola alizisikia habari hizi akichambua mchele. Kisiki miguu yake isingemfikisha, hata akiondoka jogoo wa kwanza. Akamwambia Bi Chiku kwamba Tengule akija atapita uwanjani, atatafuta figa lao, atakuta pameota nyasi, na atadhani mama yake alikufa.

Bi Chiku akavuta ungo, akaanza kumsaidia kuchambua.

Kazi alipewa fundi mmoja msomi aitwaye Ligolani, kijana mwangalifu, mgeni wa mji, aliyelala kwenye hoteli na kula huko huko. Aliona kwamba mafiga yale hayakushikizwa kwa saruji. Yalipangwa kwa kupokeana, bonde la hili katika mgongo wa lile, kama meno. Akamteremsha Jemadari kwa kamba na kumlaza kando. Kisha akaliandikia kila figa namba yake kwa chaki, akaichora namba hiyo kwenye karatasi yake, na Jumatano jioni mawe yote yalikuwa yamelazwa uwanjani safu kwa safu, yakingoja mikokoteni. Alikuwa amefikiria kila kitu. Hakuwa amefikiria Alhamisi.

Wanawake walikuja na vibuyu vyao kama kawaida. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja wakayaona mafiga yao yakiwa wazi pande zote, migongo na matumbo ambayo hayakuwahi kuonja maji tangu yaondoke jikoni. Tena yalikuwa yamechafuliwa kwa maandishi meupe. Wakavua kanga za mabegani, wakapiga magoti, wakaosha. Waliosha polepole, wakigeuza na kugeuza, kama mtu anavyomwogesha mtoto aliyerudi amechoka, na baadhi yao waliimba kwa pua tu, bila maneno. Fundi Ligolani aliporudi kutoka kula, akakuta safu za mawe yanayong'aa kwa maji, meusi tititi, na karatasi yake mkononi ikiwa na namba za vitu visivyokuwa na namba. Bi Chiku akamwambia asihangaike kushukuru, wao huosha bure.

Fundi na wapagazi wake walijaribu kukijenga kitako palepale uwanjani, kwa kukisia. Kikaporomoka. Wakajaribu tena, kikaponda kidole cha mpagazi mmoja. Saruji ya mji mzima ilikuwa imekwenda kwenye ngazi za hoteli ya wageni. Mawe mengine hayapo. Na wageni zimebaki siku tatu.

Hapo ndipo Mshika Funguo Mkuu alipowaita wanawake uwanjani, akawaomba, na neno kuomba lilimtoka kwa shida kama mfupa, kila mmoja alionyeshe figa lake na kusema lilikaa juu ya lipi na kando ya lipi. Kwa hisani yao, alisema, mji utaandika kibao kipya chenye maneno mazuri. Wanawake wakamtazama Bi Nyamizola, kwa kuwa ndiye mkubwa wao.

Tangu kitako kiporomoke alijua wataulizwa, na siku mbili nzima alikuwa amekaa mbele ya chungu chake kilichoinama akiliwaza jambo moja tu. Akipataja mahali pa figa lake, litakwenda Kisiki, nalo litabaki limeazimwa, na mtu aliyeazimisha kitu bado ana mtu wa kumdai. Akilichukua, atakuwa amelichukua bila mtu wake. Tofali lile bovu, lililomchoma vidole na kummwagia mchuzi, ndilo lililokuwa likimwambia kila asubuhi kwamba nyumba haijakamilika kwa sababu kuna mtu yuko njiani.

Akatembea kati ya safu. Mkono wake ukafika wenyewe. Akaweka kidole gumba ndani ya kile kishimo cha shavu linalocheka.

"Ehe, bibi," akasema Fundi Ligolani, kalamu tayari. "Hilo lilikaa wapi?"

"Lilikaa upande wa mlangoni."

"Upande gani wa kitako, nauliza."

"Wa mlangoni, mwanangu. Kwangu."

Akakunja kanga yake kuwa ngata, akaiweka kichwani. Bi Chiku akamsaidia kulitwika figa. Fundi akatazama huku na huku, akasema kwa heshima kwamba tangazo la serikali analijua, limo kwenye majalada, linasema figa litarudi na mtu wake, na huyo mtu hajarudi.

"Najua," akasema Bi Nyamizola. "Leo ndiyo nimejua."

Sefudari akateremka ngazi, funguo zikilia. Akamzuia njia, si kwa ukali, bali kama mtu anayezuia mlango usijifunge.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, ukiondoka na hilo wataondoka wote. Mji utapata aibu mbele ya wageni."

"Miaka hiyo yote ulikuwa unaniita Mama Tengule. Umeacha lini?"

Sefudari akazishika funguo zake zisilie. Bi Nyamizola, figa kichwani, shingo imenyooka, akanyoosha mguu na kuligusa kwa ncha ya kandambili figa la jirani, lile lenye mshipa mweupe.

"Na hili nimeliosha miaka kumi na saba. Mikono yangu imechoka. Litafutie mwenyewe."

"La nani?"

"La mama yako."

Watu waliokuwa karibu wanasema alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayerekebisha kosa la mzee. Akasema mama yake alikuwa na mafiga matatu kama watu wote, anakumbuka vizuri, alikuwa akikaa hapo kuota moto.

"Mawili," akasema Bi Nyamizola. "La tatu lilikuwa tofali. Ulikuwa unalia uji wako uko upande mmoja, na Mwanakweli anakizungusha kibakuli, anakwambia kula huku, huku ni kwa Mazoya."

Akapita. Nyuma yake wanawake wakainama mmoja mmoja, bila kelele, bila kusukumana, kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye lake. Walinzi waliangalia juu, na baadhi yao walikuwa wakiwatwika bibi zao. Kabla jua halijafika utosini uwanja ulikuwa mtupu, isipokuwa Jemadari wa Shaba amelala ubavu, na figa moja lenye mshipa mweupe. Na kwa jinsi alivyolazwa, kidole chake kilikuwa kimeelekea barazani kwa Nyumba ya Funguo. Watu ishirini walijaribu kumgeuza. Shaba ilikuwa imezama katika mfinyanzi.

Bi Nyamizola alilikalisha figa lake upande wa mlangoni. Tofali akalitoa nje, akaliweka kando ya ukuta taratibu, halikuwa na kosa. Akawasha moto, akateleka chungu, akangoja kiiname upande ule alioujua. Hakikuinama. Maji yakatulia ndani yake sawasawa kama jicho, na ndipo alipolia, mama yule, kilio ambacho alikuwa amekiazimisha tangu siku ya muhogo wa kuchoma. Bi Chiku aliyekuwa kwake upande wa pili wa ua akakisikia, na yeye akaanza, na kilio kikapokewa ua kwa ua.

Wageni wa Kimbwera walifika siku ya tatu, asubuhi. Kiongozi wao alikuwa mama mtu mzima aitwaye Zaruma, mwembamba, asiye na ufunguo hata mmoja. Aliketishwa barazani, akapewa kahawa, naye akawa hatazami sanamu iliyolala wala kidole kilichowanyooshea wenyeji wake. Alitazama mji. Kwa desturi ya huko, na ya Kimbwera vilevile, mafiga yakitimia tena baada ya kupungua, mwenye nyumba hupika nje uani kwa siku tatu, kwa kuni mbichi, ili walio mbali wajue. Hewa ilikuwa imetulia. Kutoka nyua zote za Tumbaraya moshi ulipanda umenyooka, uzi baada ya uzi, karibu na mbali, mpaka kule ambako nyumba huanza kufanana na vichuguu, na midomo ya Mama Zaruma ilikuwa ikicheza kidogo, kama ya mtu anayehesabu.

"Mioshi ile ni ya nini?" akauliza.

Washika Funguo wakatazamana. Mmoja akasema ni watu wanapika tu.

"Sisi tuliambiwa wenu walikuwa kumi na wawili," akasema Mama Zaruma. Akaweka kikombe chini. "Wetu tuliambiwa ni wanane."

Hakuna aliyezungusha ufunguo siku hiyo. Kama magadi yalinunuliwa baadaye, na kwa masharti ya nani, wapo wanaosema hivi na wapo wanaosema vile. Wengine husema wanawake wa Kimbwera nao walianza kutembelea sanamu zao na vibuyu. Jemadari bado amelala ubavu, na mbuzi hupumzika kwenye kivuli cha kifua chake.

Figa la Bi Mwanakweli nalo lilibaki peke yake uwanjani. Hakuna aliyeligusa, ingawa mji hauna mawe na wezi wapo, tena wengine wana ofisi. Bi Nyamizola alisema hataliosha tena, alisema na akarudia kusema. Lakini Alhamisi ya nne ilipofika miguu yake ilimwasha, akachukua kibuyu, akajiambia anakwenda kuangalia tu.

Akalikuta limekwisha kuloa. Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye ule mshipa mweupe, na mvua haikuwa imenyesha Tumbaraya tangu mwezi uliopita. Pale chini, kwenye vumbi, ilionekana mtu alikuwa amepiga magoti. Na kando ya alama za magoti palikuwa na alama nyingine, pana, yenye meno mengi, kama mahali ambapo kitu kizito cha chuma kilivuliwa na kuwekwa chini kwa muda.

Bi Nyamizola akatazama huku na huku. Baraza ya Nyumba ya Funguo ilikuwa tupu, mlango wake umeegeshwa. Akamimina maji ya kibuyu chake juu ya figa lile hata hivyo, kwa kuwa alikwisha kuyabeba, kisha akaondoka zake kwenda kuangalia chungu.